Wiki ya Kisiwani: Nisikilizeni Kabla Hamjasaini

Mwezi uliopita niliweka picha ya mama yangu akiwa barazani kwenye hoteli ya kitalii huko Unguja, kanga begani, kikombe cha chai mkononi, bahari mbele yake. Picha yenyewe ni ya mwaka 2024, lakini imewasha moto kwenye kikoba chetu hapa Ngamiani, Tanga. Wenzangu wanataka tuvunje akiba tununue "wiki" ya hotelini, yaani taimushea, kama ile ya wifi yangu. Yupo mtu amekwisha kuwapigia simu, anawaambia nafasi zinakaribia kwisha. Nimechoka kulisemea jambo hili nusu nusu vikaoni. Leo nalieleza lote, utamu wake na uchungu wake, maana vyote viwili nimevionja.

Tuelewane kwanza kinachouzwa. Taimushea si nyumba wala si kiwanja. Unatoa fedha nyingi mara moja ili upate haki ya kukaa kwenye hoteli fulani wiki moja kila mwaka, kisha kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uende usiende. Mwaka umegawanywa wiki 52, kila wiki na namba yake. Wengine siku hizi huuza pointi badala ya wiki, lakini ada iko pale pale. Yapo pia mashirika ya kubadilishana, kama RCI iliyoanza mwaka 1974: mwenye wiki Hispania anaiweka huko, anachukua ya mwenzake nchi nyingine, na kwa kubadilishana huko analipia.

Sisi tulifika Unguja kwa njia hiyo. Wifi, mke wa kaka, anaishi Uingereza. Alinunua wiki yake Tenerife, kisiwa cha Hispania, mwaka 2006. Mwaka 2024 hakupata ruhusa kazini, akaibadilisha kwa wiki ya 17 kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, akatuzawadia: mama, mimi na wanangu wawili. Mungu amzidishie. Mama hakuwahi kulala hotelini maisha yake yote.

Sasa itazameni hiyo wiki ya 17 kwenye kalenda. Ilikuwa Jumamosi tarehe 27 Aprili hadi Jumamosi tarehe 4 Mei. Mtu wa Tanga ukimtajia mwisho wa Aprili, kwanza anatazama paa lake kama linavuja. Ni masika katikati. Wifi aliondoka hapa akiwa msichana mdogo, na huko aliko Aprili ndiyo baridi inaanza kumwachia. Ameona wiki iko wazi, kisiwa chenye minazi, akaichukua. Iko wazi kwa nini, hakujiuliza. Hizi wiki hupangwa kwa misimu, na wiki za msimu mzuri hugombewa, wenyewe hawaziachii. Zinazobaki ni hizi za mvua, ambapo hoteli kadhaa za Unguja hufunga kabisa.

Kwa hiyo mtu akikwambia anakuuzia au anakupa wiki, muulize namba yake, igeuze iwe tarehe, halafu nenda kwa mvuvi yeyote umuulize tarehe hiyo bahari ikoje. Kuanzia Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali. Juni hadi Septemba ni kusi, hewa baridi, mvua kidogo, lakini pwani ya mashariki upepo unavuma kwelikweli, ndiyo maana Wazungu wanaoteleza baharini kwa tiara hujazana Paje. Hayo yote mvuvi wa Deep Sea, diko letu hapa Tanga, atakwambia bure.

Kuripoti siku yenyewe kulikuwa na mkasa wake. Tulikuwa tumetoka Tanga kwa basi, Segera, Chalinze, tukalala Dar kwa shangazi, tukachukua boti ya asubuhi. Tumefika hotelini, binti wa mapokezi anatazama karatasi, anatazama kitambulisho cha mama, anarudi kwenye karatasi. Ukikaa kwenye wiki ya mtu mwingine, lazima mwenye wiki akutolee cheti cha mgeni, na kinalipiwa. Wifi alikitoa, lakini jina la mama aliliandika kama anavyolitamka, si kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Tulikaa kwenye makochi zaidi ya saa mbili, mama amevua viatu miguu imemvimba, hadi wifi alipopatikana kwa simu huko kazini kwake. Mwambieni anayewaandikia jina alinakili kutoka kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Na aulize mapema kama hoteli inalazimisha chakula cha kulipia kwa kila kichwa kila siku. Zipo zinazofanya hivyo hata kwa mgeni wa kubadilishana, na bili hiyo unaikuta mezani umeshafika.

Baada ya hapo, jamani, ni pazuri. Nisiwadanganye. Si chumba, ni nyumba: vyumba viwili vya kulala, sebule, baraza na jiko kamili. Hili jiko ndilo la maana kuliko bwawa la kuogelea na viyoyozi vyote. Ukipika mwenyewe, wiki nzima hugusi mkahawa wao wa bei kubwa.

Asubuhi ya kwanza alikuja kijana na orodha ya vyombo. Mama akasema hasaini mpaka avihesabu. Wakahesabu pamoja, kijiko kwa kijiko, bilauri kwa bilauri. Bilauri mbili hazikuwepo na sahani moja ilikuwa na ufa, kijana akaviandika. Fanyeni vivyo hivyo, kwa sababu siku ya kutoka huhesabiwa tena na pungufu unalipa wewe. Walipomaliza mama akamwuliza, "Mwanangu, na mbuzi iko wapi?" Jiko lile lilikuwa na mashine ya kahawa, kibaniko cha mikate, tanuri la umeme, lakini mbuzi ya kukunia nazi hakuna. Kijana akacheka kwa aibu, akaondoka. Alasiri alirudi na mbuzi ya mama yake mzazi kutoka kijijini nyuma ya hoteli, ameifunga kwenye mfuko. Siku ile tulinunua changu dikoni, mama akatengeneza samaki wa kupaka, sahani moja ikaenda kwa mama wa yule kijana. Kuanzia hapo hatukukosa mihogo wala ndimu, zilikuwa zinaletwa mlangoni.

Bahari ya upande ule inataka hesabu. Wanangu walikuwa wameahidiwa kuogelea. Jumapili adhuhuri tumetoka na mataulo, maji hayapo. Yamekwenda mbali hadi karibu na mwamba, pamebaki mchanga, madimbwi na matumbawe. Mwezi mpevu ulikuwa umepita siku nne tu, nguvu ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ilikuwa haijaisha, na kwenye bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa pwani yetu hufika karibu mita 4. Sisi wa Tanga tunayajua hayo, ila hapa kwetu hatukulipia bahari, basi hatuhesabu. Mnaokwenda mashariki ya Unguja, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka asubuhi mnamo saa nne na kujaa tena alasiri. Kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hayaendi mbali, na saa nne asubuhi huwa yamejaa. Watoto wavae viatu vya plastiki, wale wadudu wa miiba mieusi wamejaa kwenye mawe.

Na yakitoka msinune ndani. Ndipo wanawake wa kijiji wanapoingia kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, na karibu wote wanaokifanya ni kina mama. Mama alikaa nao, wakamwonyesha wanavyofunga vishada kwenye kamba kati ya vijiti. Salimieni kwanza, vaeni kwa staha, msipige picha ya mtu bila ruhusa yake. Ufukwe ule ni shamba la watu.

Tulialikwa "semina" siku ya tatu. Dakika 90, walisema, na zawadi ya safari ya jahazi wakati wa machweo. Tuliingia saa nne asubuhi tukatoka saa nane. Kijana aliyetukalisha alikuwa na adabu, shikamoo bibi, juisi ya ukwaju, picha za watoto wake. Bei aliyoanza nayo ilishuka mara tatu kabla ya adhuhuri, na kila ikishuka ilikuwa "ya leo tu". Nikaomba niuchukue mkataba nikausome. Haikuwezekana. Ulikuwa kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya 30.

Mama alikuwa kimya muda wote. Akauliza swali moja: "Mwanangu, na mie nikifa, hiyo ada ya kila mwaka atalipa nani?"

Yule kijana akanyamaza. Akafungua kurasa za nyuma, akatafuta kwa kidole, akasoma: haki na wajibu vinahamia kwa warithi. Mama akachukua mkoba wake akasimama. Safari ya jahazi hatukupewa, na sikuidai.

Nimelisema hilo kwa sababu wifi yuko ndani yake. Mkataba wake hauna mwisho. Ada yake ilianza pauni 300 hivi kwa mwaka, sasa imepita 700, na hakuna mwaka iliposhuka. Alipotaka kuuza alikuta watu mtandaoni wanatoa wiki zao kwa pauni 1, na bado hazichukuliwi. Akapigiwa simu na mtu aliyejitia wakala, kwamba mteja yupo tayari, atangulize gharama za makaratasi. Alituma pauni 900, na yule mtu hakupatikana tena. Anayetaka malipo kabla hajakuuzia, mkatie simu. Sasa wifi yuko na wakili, kwa sababu Hispania sheria ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba hii, na Mahakama yao ya Juu mwaka 2015 ilitamka kwamba ile isiyo na mwisho ni batili. Nchi za Umoja wa Ulaya zina pia kanuni ya mwaka 2008 inayompa mnunuzi siku 14 za kubadili nia, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Nyie msidhani kinga hiyo itawafuata mkisaini kwenye meza ya hoteli hapa kwetu. Jipeni wenyewe hizo siku 14. Muuzaji akikataa, amekwisha kuwajibu.

Kwa wanaopenda hesabu, tuchukue mfano. Wiki inauzwa milioni 20, ada ni milioni 1.5 kwa mwaka, tuseme haipandi kabisa. Miaka 10 mmelipa milioni 35 kwa wiki 10. Ni milioni 3.5 kwa wiki, laki 5 kwa usiku mmoja, kabla ya basi, boti na chakula. Kwa laki 5 mnachagua hoteli mnayotaka, mwezi mnaotaka, na mwaka mkiuguliwa hamlipi kitu. Kama moyo umependa nyumba ya namna ile yenye jiko, wapo wenye wiki wanaozikodisha ili warudishe ada yao. Kodini wiki moja ya Julai, mkae, mfurahi, mrudi.

Nilitaka kusahau tulivyorudi. Wiki ya watu hawa inaisha siku iliyoandikwa, saa nne asubuhi ufunguo uko mezani. Yetu iliisha tarehe 4 Mei, na siku hiyo Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaikaribia pwani yetu. Boti za Dar zilisimamishwa. Ndani ya nyumba ile hatukuruhusiwa kubaki bila kulipa bei kamili ya usiku, nasi hatukuwa nayo. Tulilala mjini kwenye nyumba ya wageni, wanne chumba kimoja, upepo unapiga mabati. Tangu hapo siku ya kurudi huwa nabakiza fedha ya usiku mmoja zaidi na simwahidi mtu kazini kwamba kesho yake nitakuwepo.

Kwa kikoba chetu nimependekeza Ushongo. Ni Pangani tu, tunakwenda na kurudi bila kutegemea boti za Dar. Ngalawa itatupeleka kisiwa cha Maziwe, hifadhi tangu mwaka 1975. Hakuna hoteli kule, hakuna hata mti, zamani ilikuwepo misitu ikaliwa na bahari. Ni fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika, na kasa bado hupanda kutaga. Mayai yao huhamishiwa Ushongo yasisombwe. Tutachagua siku za maji mafu mwezi wa nane. Mbuzi nitabeba mimi.

Na ambaye bado anataka kununua wiki, simzuii, ila aniletee mkataba niusome naye kabla ya saini. Dukani nipo kila siku baada ya adhuhuri, isipokuwa Ijumaa, siku hiyo njooni baada ya alasiri.