Kabla hujampelekea sonara dhahabu ya bibi

Bibi alikuwa na bangili mbili za dhahabu ambazo hazikumtoka mkononi hata alipokaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Moja ililika upande mmoja, pale ilipokuwa ikisuguana na kifuu, ikawa bapa kabisa. Alipofariki, bangili hizo, mkufu uliokatika na herini moja isiyo na mwenzake viliangukia fungu la mama. Mama akanipa mimi: "Vitengeneze uvae, mwanangu. Vikilala sandukuni vinamfaa nani?"

Nilikuwa na haraka ya kuyeyusha vyote nipate kidani kikubwa kimoja. Ila kwanza nikampigia mjomba, aliyeko Maskati. Mirathi ilishagawanywa na hakuwa na dai lolote, lakini alikuwa mtoto wa bibi. Aliuliza swali moja tu: "Na ile bangili iliyolika?"

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya mizani na moto, wapigie simu ndugu. Kila mmoja anakumbuka kitu ambacho wewe hukijui, na dhahabu ikishayeyuka hairudi ilivyokuwa.

Duka la kwanza nililokwenda walitaka nibadilishe: niache vya bibi, niongeze fedha, nichukue cha kwenye kabati la kioo. Kwa anayetaka dhahabu tu, sawa. Mimi nilitaka ya bibi. Tafuta sonara anayefanya kazi mwenyewe, anayekubali ukae pembeni yake akiyeyusha, na mwambie mapema kwamba umekuja kukaa.

Mzee niliyempata Mji Mkongwe alitanguliza jiwe la kusugulia dhahabu na tindikali, apime usafi wake. Bangili zilikuwa karati 22, yaani sehemu 916 za dhahabu safi katika 1000. Mkufu ulikuwa chini ya hapo, na sababu yake ni lihamu, ile madini ya kuungia: kila pete ya mkufu imeunganishwa kwa lihamu, na lihamu ina dhahabu pungufu. Ukiyeyusha mkufu wa zamani, usishangae karati ikishuka. Alinishauri tuongeze dhahabu safi kidogo, la sivyo kipande kipya kingeonekana rangi tofauti ubavuni mwa bangili.

Pima kila kitu kwa gramu, upige picha kikiwa juu ya mizani. Wazee wa kazi hii bado husema tola, nayo ni gramu 11.66. Vijiwe vitolewe kwanza, kwa sababu navyo vina uzito, tena lulu, marijani na feruzi haviwezi moto. Herini yangu ilikuwa na lulu ndogo. Aliitoa kwa koleo taratibu mno, akanikabidhi nifunge kwenye leso. Kubalianeni pia kuhusu vumbi la tupa na msumeno, kwa kuwa ni dhahabu yako. Na kama umerithi mkufu wenye pauni ya Kiingereza, ile sarafu ya dhahabu, usikubali pauni iingie motoni. Uzito wake unajulikana, gramu 7.98, karati 22, na popote utakapoipeleka itatambulika.

Mwisho tuliyeyusha mkufu peke yake. Ulikuwa gramu 11.2. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na yenye mchanganyiko kama ya mkufu huwahi kidogo. Moto ulipofika kiwango chake zile pete zililegea, zikakusanyika, zikawa tone linalozunguka kama kiini cha yai. Sikuweza kusema neno. Baada ya kupoa mizani ilisoma 10.9.

Bangili iliyolika ilikuwa hainipiti kiganjani. Fundi aliikata upande wa pili, mbali na lile bapa, akaipanua na kutia kipande kilichotoka kwenye mkufu, chenye bawaba na kijipini cha kufungia. Dhahabu iliyobaki ikatosha kumfanyia herini mwenzake. Lulu ya pili tuliinunua. Ni nyeupe kuliko ya zamani, nami nimeiacha hivyo hivyo. Bangili nyingine anayo mdogo wangu, haijaguswa.

Siku ya kuchukua nilimkuta fundi yuko tayari kwenye mashine ya kung'arisha. Nikamwahi: "Fundi, hapa pasiguswe." Hili lisemwe siku ya kwanza na liandikwe kwenye risiti, maana kwa fundi mkwaruzo ni uchafu. Alama zote za miaka hamsini zingeondoka kwa dakika mbili.

Nilimtumia mjomba picha usiku ule, nimeivaa mkono wa kushoto. Akajibu: "Hamishia kulia. Ndiko alikokuwa akiivaa."