Umekabidhiwa walimu wapya? Haya ndiyo niliyoyaona kwa mwaka mmoja wa kuwalea watatu

Mwalimu mwenzangu, umeeleza kwamba Mwalimu Mkuu wako amekukabidhi walimu wawili wa ajira mpya uwalee mpaka watakapothibitishwa kazini, na umeuliza mambo mawili: uanzie wapi, na kama ipo fomu maalumu ya kujaza kila unapoingia darasani kwao. Kazi hiyo nimeifanya mwaka mzima uliopita katika shule ya msingi ya kijijini mkoani Simiyu, nikiwa na walimu watatu. Nitaanza na swali lako la fomu, ingawa umeliweka mwishoni, kwa sababu mimi nami nilianza na fomu na ikanipotezea miezi miwili.

Nina miaka 19 kazini, na wakati huo nilikuwa mwalimu wa taaluma. Kama unavyojua, kila Jumatatu maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na shajara hupita mezani kwa mtaaluma, naye huweka alama kwa kalamu nyekundu na kusaini. Mwalimu Mkuu aliponiongezea ulezi wa walimu wapya, hakuna aliyeona tatizo, hata mimi mwenyewe. Ilionekana kwamba anayesaini andalio ndiye anayefaa pia kwenda kuona kama somo limefundishwa kama lilivyoandikwa.

Wa kwanza alikuwa binti kutoka Tanga, aliyepewa darasa la kwanza lenye watoto 118 katika chumba kimoja, ilhali mwongozo unataka watoto 45. Mwezi Februari niliingia kwake na fomu niliyokuwa nimeitengeneza kwa kufuata ile ya wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, nikaketi nyuma kwa kipindi kizima cha dakika 30, nikatoka na dosari 14. Mchana wake nikamsomea zote katika chumba cha walimu, wenzetu wakiwa wanakula viazi na kusikiliza. Alinishukuru kwa heshima zote. Nilipoingia tena wiki mbili baadaye nilishangaa: zana zilikuwa mezani, watoto walikuwa watulivu, na kila alipouliza swali mikono ilijaa hewani kabla hajalimaliza. Nikaandika sifa. Nilikuwa ninajipongeza moyoni, hadi mtoto mmoja wa dawati la nyuma, karibu kabisa na kiti changu, aliposema kwa sauti ya kawaida tu, “Mwalimu, hiyo jana tulisoma.”

Kumbe kila aliposikia kwamba nitapita, alirudia somo la jana yake. Sikumkasirikia, kwa kuwa nilikumbuka kwamba miaka kumi na kitu iliyopita nami nilikuwa na somo moja la kuhesabu kwa vifuniko vya soda ambalo nililihifadhi kwa ajili ya wageni tu. Niliona hata hivyo kwamba kwa miezi miwili nilikuwa nimemfundisha binti yule jambo moja tu, nalo ni jinsi ya kujificha nisimwone.

Mwezi Aprili nilimwomba Mwalimu Mkuu kazi ya kusaini maandalio ya hao watu wangu aikabidhi kwa Mwalimu Mkuu Msaidizi. Alisita, akaniuliza kama ninakimbia kazi, kisha akakubali. Nikamwambia yule binti kwamba kuanzia siku hiyo nikiingia kwake sitaandika chochote cha kupeleka ofisini, na kwamba kwanza yeye ndiye atakayeingia kwangu. Alikuja darasa la nne, akaketi nyuma na daftari. Nilikuwa nimemwomba asiandike vizuri wala vibaya, aandike tu vitu vinavyohesabika. Baada ya kipindi alinisomea kwa sauti ya chini: “Umeuliza maswali 11. Tisa yamejibiwa na watoto wa madawati mawili ya mbele.” Nakuambia ukweli, katika miaka 19 hakuna mthibiti wala afisa elimu kata aliyewahi kuniambia jambo lililonichoma na kunisaidia kiasi hicho.

Tangu hapo huo ndio ukawa utaratibu wetu. Kabla sijaingia namuuliza mwenye darasa, “Nikuangalizie nini?” Akisema maswali, nahesabu maswali, akisema muda, naandika amezungumza dakika ngapi na watoto wamefanya kazi dakika ngapi, akisema watoto wa nyuma, natazama watano tu wa nyuma na kuacha yote mengine, hata nikiona kosa la tahajia ubaoni. Kwa hiyo jibu la swali lako la fomu ni kwamba mimi niliishia kutumia kaunta buku la kawaida lenye safu mbili, upande mmoja nilichokiona na upande wa pili alichosema mwenye darasa kuhusu nilichokiona, na daftari hilo alikaa nalo yeye, si mimi.

Hapo ndipo mambo ya darasani yalipoanza kujitokeza. Nitaeleza moja kwa kirefu kwa sababu huenda nawe upo mahali ambapo watoto hawaanzi shule wakiwa na Kiswahili. Binti yule alikuwa amefundishwa vizuri chuoni namna ya kufundisha kusoma kwa kuanza na sauti za herufi, jambo ambalo sisi wa zamani tuliokaririshwa majina ya herufi tulilipata ukubwani, katika mafunzo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu). Hata hivyo, katika orodha yake ya upimaji alikuwa ameandika kwamba watoto 40 hawajui kusoma. Nilipokaa naye tukawaita wachache, mtoto alipoonyeshwa neno “barua” alisoma “balua”, naye akamwekea mkasi, yaani alama ya kukosa. Huku kwetu nyumbani kunazungumzwa Kisukuma, na Kisukuma hakina sauti ya r. Mtoto huyo alikuwa ameisoma herufi sawasawa, ila ulimi wake ulikuwa haujaizoea. Tukaandika kadi, tukaweka “barua”, “baraza”, “bahari” na “balozi” juu ya meza, na badala ya kumwambia mtoto asome kwa sauti tukamwambia achague kadi tunayoitaja. Kati ya wale 40, watoto 26 walichagua bila kukosea. Wale 14 waliobaki ndio hasa waliohitaji msaada wake, na idadi hiyo mwalimu anaweza kuimudu, wakati 40 ilikuwa imemkatisha tamaa kiasi kwamba aliniambia baadaye kuwa jioni hizo alikuwa akitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo arudi kwao Tanga.

Maneno ya Kisukuma hakufundishwa na mimi. Alifundishwa na mama anayepika uji wa shule, ambaye alimpa maneno matano matano kila asubuhi na kumcheka bila huruma alipokosea. Siku alipowasalimu watoto “Mwangaluka” mbele ya mstari, shule nzima ilipiga kelele.

Wa pili alikuwa kaka wa hisabati, na huyu ndiye aliyenionyesha kwamba neno “mwalimu mpya” linaweza kutudanganya. Alikuwa amemaliza chuo mwaka 2015, akakaa miaka mingi akisubiri ajira, akiendesha bodaboda na kufundisha kwa kujitolea kila shule ilipomhitaji. Alipofika kwetu alikuwa na umri wa miaka 33, ana mke na watoto wawili, na alikuwa na mazoea yake tayari. Moja lilikuwa fimbo. Hakuingia darasani bila fimbo, na wiki ya tatu mzazi alikuja shuleni akiwa amemshika mtoto mkono. Nilimkumbusha kanuni za mwaka 2002, kwamba adhabu ya viboko ni ya Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwamba haizidi vinne, na kwamba lazima iandikwe katika kitabu cha adhabu. Alizijua kanuni hizo kuliko mimi. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakujua njia nyingine ya kuwanyamazisha watoto 90 wa darasa la tano, na kanuni hazikumpa njia hiyo. Tulihangaika na jambo hilo mpaka Juni. Kilichosaidia zaidi kilikuwa kitu kidogo cha aibu: kuandika zoezi la kwanza ubaoni kabla watoto hawajaingia kutoka mapumziko, ili wakute kazi inawasubiri badala ya kumkuta yeye anafuta ubao huku amewapa mgongo. Siwezi kudai kwamba aliiacha fimbo kabisa. Aliiacha ofisini, na kwa mwaka mmoja hilo nalihesabu.

Lakini kwa huyu jambo kubwa halikuwa la darasani. Alikuwa hakosi kukosekana siku ya mnada. Ningekuwa bado ninasaini ningeandika taarifa ya utoro, na kwa mujibu wa taratibu ningekuwa sahihi. Kwa kuwa tulikuwa tunarudi pamoja kwa miguu hadi senta, kama kilomita mbili, siku moja aliniambia mwenyewe. Alipokuwa akisubiri mshahara wa kwanza alikuwa amekopa kwa hawa wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa kausha damu, wakamchukulia kadi ya benki, na siku ya mnada alikuwa anaazima pikipiki ya rafiki yake apeleke abiria ili wanawe wapate chakula. Tulikwenda pamoja kwa mkopeshaji, tukaandikiana namna ya kulipa deni kwa awamu, na kadi ikarudi mwezi Septemba. Siku za mnada akaanza kuonekana darasani. Hebu niambie, jambo kama hilo angelimweleza mtu ambaye kesho yake ana wajibu wa kuliandika?

Wa tatu aliripoti mwezi Julai, akapewa Kiingereza, ambacho kwa mtaala mpya kinaanzia darasa la kwanza. Alikuwa mwalimu hodari tangu siku ya kwanza, hivyo nikamwacha. Mwezi Novemba aliniuliza, “Mwalimu, mbona kwa wenzangu unaingia, kwangu huingii?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimedhani kumwacha ni heshima, naye alikuwa amedhani simjali. Usilirudie kosa hilo.

Umegusia pia jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambamo walimu wa shule hukutana kujifunza pamoja, ukiuliza kama hazitoshi. Zinasaidia zikifanywa kweli, na kwetu zilifanyika Jumatano baada ya vipindi. Ila kuna wiki ambazo tulijaza daftari la mahudhurio, tukapiga picha ya kupeleka kata, tukatawanyika. Wiki zilizokuwa na maana ni zile ambazo mtu alileta tatizo lake halisi. Binti wa Tanga alipoleta kadi zake za “barua” na “balozi”, mwalimu wa darasa la pili, mama mwenye miaka 27 kazini, alisema kwamba naye amekuwa akiwawekea watoto mkasi hivyohivyo kwa miaka yote hiyo. Kauli hiyo mwalimu mpya hawezi kuipata kutoka kwa mlezi mmoja, hata awe na moyo namna gani. Hivyo zitumie, lakini usitarajie mtu wa wiki ya pili kazini asimame mbele ya walimu kumi na kukiri kwamba darasa limemshinda. Hilo atalisema njiani mkirudi, au hatalisema.

Kuhusu kazi za kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, wasaidie wiki ya kwanza kabisa, na uwaonyeshe ni wapi kijijini mtandao unashika vizuri. Zaidi ya hapo hakuna la kusema.

Wote watatu walithibitishwa, wa mwisho mwaka huu. Mwaka huu pia tumebaki walimu 11 kwa wanafunzi zaidi ya 1,000, na Mwalimu Mkuu Msaidizi amehamishwa, kwa hiyo kalamu nyekundu imerudi mezani kwangu na walimu wapya wengine wawili wanatarajiwa. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu kuomba kwamba maandalio ya hao wawili ayasaini yeye mwenyewe, hata kama itakuwa mara moja kwa wiki mbili. Bado hajanijibu. Nawe kabla hujapokea hao wako, muulize Mwalimu Mkuu wako ni nani atakayesaini maandalio yao, na jibu lake ulipate kabla hawajaripoti.