Maswali ya Wasomaji: Mchezaji Anapotuhumiwa Kubaka, Kocha Asiwe Hakimu

Barua tatu zilizotufikia kutoka Kakamega, Nakuru na Kisumu zinahusu jambo moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Mimi ni mlezi wa timu ya kandanda katika chuo kikuu kimoja cha huku Magharibi mwa Kenya. Mwanafunzi wa kike amelalamika kwamba mchezaji wetu mmoja alimbaka usiku wa sherehe ya ushindi. Kocha anataka tuwaite wote wawili ofisini kwake pamoja na wazazi wao, tuyamalize mambo kinyumbani kabla ya mashindano ya mwezi ujao. Mimi nasita. Mwenzangu aliyesoma Marekani anasema vyuo vya huko vyenye timu kubwa za futiboli vimepitia mikasa mingi ya aina hii. Vilifanya nini, na sisi tuchukue funzo gani? — Mlezi, Kakamega

JIBU: Ndugu Mlezi, umefanya vyema kusita. Mkutano huo wa ofisini kwa kocha usifanyike, na ikiwa umekwisha kupangwa, ufutwe leo. Nitakueleza sababu zangu kwa kirefu, lakini kwanza nauliza jambo ambalo barua yako haikulitaja: je, binti huyo amefika hospitali? Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, zile tunazoziita PEP, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Daktari hujaza fomu ya PRC, ambayo ni kumbukumbu ya yale aliyoyaona mwilini mwake, na vielelezo vinavyochukuliwa wakati huo haviwezi kupatikana tena baada ya wiki mbili za vikao. Hata kama saa hizo zimepita, aende tu, kwa maana bado kuna vipimo, matibabu na ushauri nasaha anaohitaji.

Sasa nije kwenye swali lako. Futiboli ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa kofia ngumu na mpira kubebwa mkononi, ni biashara kubwa katika vyuo vya huko. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo. Mtu wa namna hiyo anapoletewa malalamiko dhidi ya mchezaji wake bora, anakuwa na mengi ya kupoteza kabla hajasikiliza neno la kwanza.

Kisa kinachokuhusu wewe zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Baylor, mjini Waco, Texas, chuo cha Wabaptisti ambacho timu yake ilikuwa imeshindwa kwa miaka mingi, kisha ikapanda hadi kuwa miongoni mwa timu bora za taifa chini ya kocha Art Briles. Katika miaka hiyohiyo wanawake kadhaa walilalamika kwamba walibakwa au kupigwa na wachezaji, na mwaka 2014 mchezaji mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Bodi ya chuo iliajiri kampuni ya mawakili kuchunguza, na matokeo yalipotangazwa Mei 2016 yalionyesha kwamba makocha na maafisa wa timu walikuwa wakikutana wao wenyewe na walalamikaji au wazazi wao, kwamba hawakuzifikisha taarifa kwenye ofisi zilizopaswa kuzichunguza, na kwamba timu ilikuwa na utaratibu wake wa nidhamu uliojitenga na ule wa wanafunzi wengine. Briles aliondolewa kazini, rais wa chuo, Ken Starr, akavuliwa wadhifa huo, na mkurugenzi wa michezo akajiuzulu.

Tafadhali lisome tena lile jambo la makocha kukutana na walalamikaji, kisha ulilinganishe na barua yako. Sidai kwamba kocha wenu ana nia mbaya. Pengine anamjua kijana huyo tangu akiwa mwanafunzi wa shule ya upili, amemlipia nauli, amekula kwao, na anaamini kwa moyo wote kwamba anawasaidia watoto wawili. Lakini binti anayeingia katika ofisi iliyojaa vikombe na picha za timu, akawakuta wazazi wa kijana wamekaa upande mmoja na kocha ameshika kichwa cha meza, haulizwi anataka nini. Anaonyeshwa anachotarajiwa kukikubali. Naye kijana, ikiwa hana hatia, hatasafishwa na kikao hicho, kwa sababu kila mtu chuoni atasema alifichwa na kocha wake.

Chuo Kikuu cha Colorado kilijifunza upande wa pili wa jambo hili, yaani gharama ya kujua na kunyamaza. Mwaka 2001 wanawake walilalamika kwamba walibakwa na wachezaji pamoja na vijana waliokuwa wakizuru chuo hicho ili kusajiliwa, baada ya tafrija moja. Walikishtaki chuo kwa Title IX, sheria ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2007 kwamba kesi iendelee, kwa kuwa kulikuwa na ushahidi kwamba hatari hiyo ya ziara za usajili ilijulikana na hatua za kutosha hazikuchukuliwa. Chuo kikakubali kulipa dola milioni 2.85. Kwa hiyo hoja ya kulinda jina la chuo, ambayo bila shaka umekwisha kuisikia, haina mashiko hata kwa anayejali fedha tu.

Kuna waliofanya vizuri zaidi. Mwaka 2013, maafisa wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, walipokuwa wakikagua picha za kamera za bweni waliona wachezaji wakimbeba mwanamke asiyejitambua. Waliwaita polisi. Wachezaji wanne waliondolewa katika timu, wakashtakiwa, na watatu wakapatikana na hatia mbele ya mahakama huku wa nne akikiri kosa dogo zaidi. Kamera hizo ndizo zilizoipa kesi msingi wake, na huenda picha zake zingefutika kama chuo kingeanza kwa kutafuta suluhu.

Jitayarishe pia kwa hasira ya wachezaji. Desemba 2016, Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwasimamisha wachezaji 10 baada ya uchunguzi wake wa ndani, ingawa mwendesha mashtaka alikuwa ameamua kutomshtaki yeyote. Timu nzima ikagoma, ikasema haitacheza mechi yake ya mwisho wa msimu, na kocha akawaunga mkono hadharani. Siku mbili baadaye, ripoti ya uchunguzi ya kurasa takriban 80 ilipokuwa imekwisha kufika mikononi mwa watu na kusomwa, mgomo uliisha. Kocha aliachishwa kazi Januari, na mwishowe baadhi ya wale 10 waliadhibiwa, wengine wakaondolewa lawama. Pengine vijana wale hawakuwa wameelezwa mapema kwamba kesi ya jinai na nidhamu ya chuo ni njia mbili tofauti, kila moja ikiwa na kipimo chake cha ushahidi. Waeleze wachezaji wako hivyo wiki hii, bila kutaja undani wa malalamiko.

Usitegemee shirikisho la michezo likufanyie kazi hiyo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambacho kwa miongo mingi kiliadhibu vyuo kwa zawadi ndogondogo walizopewa wachezaji, kiliamua mwaka 2021 kwamba kushindwa kwa Baylor kuripoti tuhuma za ubakaji hakukuvunja kanuni zake. Uamuzi huo ulinisikitisha sana, na bado unanisikitisha. Kwa sasa chama hicho kinawataka wachezaji waeleze kila mwaka kama wamewahi kuchunguzwa au kuadhibiwa kwa makosa ya namna hii, ili mtu asihamie chuo kingine na siri yake. Ni hatua, lakini ilichelewa mno.

Turudi kwetu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 10, na kinaweza kufika maisha. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema kwamba uamuzi wa kusitisha upelelezi au mashtaka ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si wa kocha, si wa wazazi, si wa wazee, wala si wa naibu chansela. Mbuzi na bahasha haviifuti kesi. Sisi wa Magharibi hatupaswi kuhitaji kukumbushwa: mwaka 2013, huko Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la vijana, na washukiwa waliofikishwa kituoni wakaadhibiwa kwa kufyekeshwa nyasi, kisha wakaachiliwa. Ilibidi watu waandamane na saini zaidi ya milioni moja zikusanywe duniani kote ndipo kesi iende mahakamani, na mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15.

Wewe, basi, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi leo, ubaki na nakala yenye tarehe. Binti apewe mtu wa kumsindikiza, mwanamke anayemwamini, hadi hospitali na hadi dawati la jinsia katika kituo cha polisi, ambako atapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Namba 1195 hupigwa bila malipo kwa msaada wa dhuluma za kijinsia. Ikiwa wanalala katika bweni moja au wako darasa moja, anayehamishwa asiwe yeye. Mchezaji asimame kucheza kwa muda, na barua ya kumsimamisha iseme wazi kwamba hiyo si hukumu. Kocha atakasirika. Mwambie kwamba unamwondolea mzigo ambao haukuwa wake, kwa sababu huo ndio ukweli.

SWALI: Binti yangu ni mkimbiaji na amepata ufadhili wa masomo katika chuo kimoja cha Marekani. Nimesoma habari za wachezaji wa futiboli na silali. Nimwambie nini kabla hajapanda ndege? — Mama Mwanariadha, Nakuru

JIBU: Mama, hofu yako naielewa, ila usimnyime nafasi yake. Mwambie kwamba kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu lazima kiwe na afisa wa Title IX, na jina la afisa huyo na anwani yake viko kwenye tovuti ya chuo. Ayaandike kwenye daftari kabla ya kuyahitaji. Mwambie pia kwamba yeye akimweleza mwalimu au kocha jambo, vyuo vingi humlazimu mtu huyo kuripoti, ilhali mshauri nasaha wa kitabibu au kiongozi wa dini wa chuo kwa kawaida hutunza siri. Tofauti hiyo ni muhimu kwa msichana ambaye bado hajaamua anataka nini.

Uchunguzi wa kitabibu baada ya kubakwa hautozwi malipo huko, hata kama hajaenda polisi. Wasichana wengi wa kwetu hunyamaza kwa kuogopa gharama za hospitali na kwa kuogopa kupoteza viza. Kulalamika si kosa la uhamiaji, na chuo hakiruhusiwi kumwadhibu kwa kulalamika, iwe kwa kumkata ufadhili au kwa njia nyingine yoyote. Chini ya Sheria ya Clery ya mwaka 1990, iliyopewa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyebakwa na kuuawa bwenini mwake mwaka 1986, kila chuo hutoa taarifa ya uhalifu wa mwaka ifikapo Oktoba 1. Isomeni pamoja, lakini idadi ndogo isikutulize upesi, kwa kuwa wakati mwingine ina maana kwamba wanafunzi hawana imani na wanaopokea malalamiko.

SWALI: Mimi ni mchezaji wa chuo. Kila mtu anazungumzia wasichana. Kijana aliyesingiziwa je? — Kiungo, Kisumu

JIBU: Kijana wangu, swali lako ni la haki, nami nalijibu bila kulikwepa. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo yenye wavu, wa Chuo Kikuu cha Duke walishtakiwa kwa ubakaji, msimu wa timu ukafutwa na kocha akalazimika kuondoka. Mwaka uliofuata mwanasheria mkuu wa jimbo aliyafuta mashtaka na kutangaza kwamba vijana hao hawakuwa na hatia, na mwendesha mashtaka akapokonywa leseni ya uwakili. Walioumizwa na haraka ile hawakuwa wao peke yao, maana kila mwanamke aliyelalamika baadaye alikumbushwa Duke.

Hata kusimamishwa kwa muda kuna mipaka yake. Mchezaji wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyesimamishwa Desemba 2023 alirudishwa uwanjani kwa amri ya hakimu Januari 2024, na Juni mwaka huo baraza la mahakama likamwona hana hatia. Kwetu, Katiba inakulinda: Ibara ya 50 inakuhesabu huna hatia hadi ithibitishwe, na Ibara ya 47 inakupa haki ya utaratibu wa haki na ya kupewa kwa maandishi sababu za hatua yoyote itakayokuathiri. Hayo hayawezi kupatikana katika kikao cha kocha, kisicho na kumbukumbu wala rufaa. Uchunguzi wa kweli humlinda asiye na hatia kama unavyomlinda aliyeumizwa, na ndiyo maana nimempinga kocha wa Kakamega kwa nguvu zote.

Ikiwa umetuhumiwa wewe mwenyewe, na barua yako inanifanya nifikiri hivyo, usimpigie binti huyo simu, usimtumie ujumbe, wala usimtume rafiki au dada yako amsihi. Usifute chochote kwenye simu yako, hata kile kinachokutia aibu. Tafuta wakili kabla ya kuandikisha taarifa. Ikiwa huna fedha, uliza kama kitivo cha sheria kilicho karibu nawe kina kliniki ya msaada wa kisheria. Na umweleze mzazi wako leo, asije akasikia kwa jirani.