Mbona embe la kwenye prufu halikutoka kiwandani?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni msanifu wa vitabu, Morogoro. Nilichapa prufu, yaani nakala ya majaribio, ya jalada kwa printa yangu ya inkijeti, na mteja akaridhika na embe lake lililokoza rangi ya chungwa. Nakala za ofseti, yaani za mashine kubwa ya kiwandani, zilipotoka, embe limepauka kama lililosahauliwa juani. Kiwanda kinasema hakina kosa. Nimdai nani?

Jibu: Ndugu msomaji, usimdai mtu kwanza. Printa nyingi za inkijeti za wasanifu zina wino wa rangi nane au zaidi, nyingine zikiwa na chungwa na kijani humo humo, ilhali ofseti ya kawaida hutegemea samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kwa hiyo kuna chungwa ambalo printa yako hulifikia na mashine ya kiwandani hailifikii, hata mpiga chapa azidishe wino. Prufu haichapwi ili ipendeze, bali iige mashine itakayofanya kazi, pamoja na udhaifu wake.

Kiulize kiwanda kinafuata profaili ipi, yaani maelezo ya kidijitali ya rangi ambazo mashine na karatasi yake huweza kutoa. Kwa karatasi zilizopakwa tabaka laini, zinazotumika sana ni zile za taasisi ya Ujerumani ya utafiti wa uchapaji, Fogra: Fogra39 na ile mpya zaidi, Fogra51, iliyozingatia kemikali za kung'arisha weupe zilizomo katika karatasi za siku hizi. Faili lako ligeuzwe kwanza kufuata profaili hiyo, ndipo programu ya prufu iligeuze tena kwa profaili ya printa, wino na karatasi yako. Ukilituma kupitia draiva ya kawaida tu, yaani programu inayoendesha printa, draiva itajiamulia rangi.

Katika ugeuzaji wa pili, chagua namna iitwayo absoluti, inayoiga hata weupe wa karatasi ya kiwandani. Utaona sehemu tupu za jalada zimepakwa wino hafifu. Mteja wangu mmoja alinirudishia prufu ya namna hiyo akidai printa ni chafu, nami nikalazimika kuilaza juu ya karatasi ya kiwandani ndipo akanyamaza.

Baada ya hapo, pima. Chapa pembeni ukanda wa Fogra wenye visanduku 72 vya rangi, uache wino ukauke, kisha utumie spektrofotomita, kifaa cha kupima rangi: kiwango cha kimataifa cha prufu, ISO 12647-7 cha mwaka 2016, kinataka wastani wa tofauti ya rangi usizidi 2.5, na kisanduku chochote kisizidi 5, kwa kipimo cha delta-E 2000, kinachoonyesha rangi mbili zinatofautiana kiasi gani machoni. Mteja naye aitazame prufu chini ya taa ya kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), si dirishani, ambako mwanga wa asubuhi si wa jioni.

Akishikilia kwamba embe lazima liwake vile vile, kiombe kiwanda wino wa tano wa chungwa, na umweleze mapema kuwa pleti ya tano, yaani bamba la kuchapia wino huo, italipiwa.