Kuchelewa nasamehe, "uko njiani" ndo sitaki

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza mzigo wa mtandaoni ukichelewa mteja arudishiwe hela yote au avumilie. Mimi nasema arudishiwe yote, na ya kutolea juu! Ila kuchelewa kwenyewe wala hakuniumi, toka Kariakoo mpaka huku kwetu Songea basi linaweza kufia Makambako mkalala hapo hapo, hiyo tumeizoea. Kinachonikera ni lile neno "uko njiani kipenzi".

Mwaka jana send-off ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi, nikaagiza vitenge doti sita kwa dada mmoja wa Insta. Jumatano jioni kaniambia ushapanda basi, upo kwenye kiroba cha bluu. Alhamisi niko stendi yetu ya hapa Songea, Shule ya Tanga, na sweta langu, baridi ya mwezi wa saba huku mnaijua, basi likaingia konda akafungua buti, yakashuka magodoro, matairi, maboksi ya vifaranga vinalia, mi macho kwenye viroba tu. Nikaona cha bluu nikakidaka, mwenyewe akaja kuniuliza we mama vipi?! Kupiga simu haipokelewi, meseji tiki za bluu na kimya. Ijumaa nikarudi tena, konda kaniona tu "mama kiroba, leo pia hakuna". Fundi kakaa na cherehani yake mpaka saa nne usiku akaenda zake kulala. Jumamosi kila mtu alivaa alichonacho, kwenye picha shangazi kang'aa na njano yake peke yake. Mzigo ulifika Jumatatu.

Binamu yangu anasoma sheria, akanitajia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kasema mdai huyo. Nikamdai kweli.

Sasa hapa naandika ndo nakumbuka kitu. Hela ya kumalizia alinidai toka Jumatatu, nikamwambia nishatuma dada, mtandao tu unasumbua. Uongo, hela ya kikoba ilikuwa haijatoka, nilituma Jumatano mchana. Sijui hata kama mabasi ya siku ile yalikuwa bado hayajaondoka.

Alinirudishia elfu 20 nikapokea, na Krismasi nikaagiza kwake tena, tena vikawahi. Kwahiyo arudishiwe yote, labda kama na yeye alichelewesha malipo, hapo waelewane wenyewe. Ila picha ya risiti ya basi lazima itumwe, na tarehe isomeke.