Ukuta unatoa unga, na bibi amenuna

SWALI: Shikamoo shangazi. Nyumba zetu zinazunguka ua mmoja. Vijana wamechora ndege na miti ukutani, pakapendeza mno, lakini kwa chini rangi inabambuka na unga mweupe unatoka. Halafu bibi mmoja jirani amenuna, anasema hakuulizwa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unga huo ni chumvi inayotolewa nje na maji yaliyomo ukutani. Msipake juu yake. Tafuteni kwanza maji yanaingilia wapi, pengine ni mfereji ulioziba au udongo uliorundikwa ukutani. Pakikauka, kwangueni sehemu hiyo hadi kwenye plasta, sugueni kwa brashi ya waya, kisha pakeni rangi inayopumua, kama ya chokaa. Ya mafuta hufungia unyevu ndani.

Ila bibi ndiye aliyenigusa zaidi, maana ukuta huo anautazama kutwa. Mfuateni, mwombeni radhi, mumuulize angependa kuona nini. Huko Philadelphia, Marekani, kwenye mpango wa michoro ya kuta ulioanza 1984, wakazi hupaka rangi vipande vya kitambaa wakiwa wameketi mezani, kisha vinabandikwa ukutani. Hata asiyeweza kupanda ngazi anashiriki. Kipande cha bibi kiwekeni usawa wa macho yake akiwa amekaa.