Usiseme "Jamani", Taja Jina

Nilipokabidhiwa funguo za kabati la dawa na kuwa inchaji, yaani msimamizi, wa wodi ya wazazi, nilidhani kazi yangu kubwa itakuwa kupanga zamu na kuhesabu mashuka. Zamu moja ya usiku ilinionyesha kazi yenyewe.

Mama alikuwa amejifungua salama na kondo limetoka. Nikafunua shuka, nikakuta damu imetapakaa kitandani. Nikapaza sauti: "Jamani, leteni dripu! Leteni oksitosini!" Tulikuwa wauguzi wanne. Wawili wakarudi na dripu. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isimame, hakuleta mtu, kila mmoja akijua mwenzake ameifuata. Mama yule alipona, namshukuru Mungu, lakini dakika zile sijazisahau. Wenzangu hawakuwa wazembe. Mimi ndiye niliyemwagiza "jamani", na hakuna aliyeitwa hivyo mle wodini.

Siku hizi tukipokezana zamu hatukai mezani kusomeana ripoti. Tunapita kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia, mama mwenyewe akisikia. Kisha tunasimama penye trei ya dharura na kugawana kazi: nani atasugua mfuko wa uzazi, nani atachoma sindano, nani ataweka dripu, nani ataandika saa na kumpigia daktari. Damu ikianza kutoka, namwita mtu kwa jina: "Sista fulani, oksitosini yuniti 10 kwenye msuli." Anarudia nilichosema, na akimaliza ananiambia, "Nimechoma, saa nane na dakika ishirini." Friji nayo tunaikagua kila zamu, maana oksitosini inahifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikilala kwenye droo yenye joto, inapoteza nguvu.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Damu ilipimwa kwa mfuko wenye vipimo uliowekwa chini ya mama, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja badala ya kusubiri moja ishindwe ndipo ije nyingine. Kutokwa damu kupita kiasi, pamoja na madhara yake makubwa, kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zilikuwa zilezile tunazozijua. Kilichobadilika ni kuwahi na kwenda pamoja, na hilo halihitaji cheo. Kama bado hujawa inchaji, zamu yako ijayo waombe wenzako mgawane kazi kabla ya kuanza.

Jambo jingine ni kufoka. Tulikuwa na muuguzi mgeni aliyekaa kimya wiki mbili, kwa sababu siku yake ya kwanza alifokewa mbele ya wagonjwa. Nilimwita pembeni, nikamwomba radhi kwa niaba ya wodi, nikamwambia chochote akionacho anieleze hata kama hana uhakika. Siku chache baadaye akanifuata: "Dada, mama wa kitanda cha sita analalamika kichwa, na haongei kama asubuhi." Tukapima presha: 170 kwa 110, juu mno. Tulimwahi kabla hajadondoka kifafa cha mimba.

Sasa ripoti ya asubuhi inaanza na aliye mdogo kazini kuliko wote, anafuata mhudumu wa usafi, kisha wengine. Mimi nasema mwisho.